Sura ya Sita: Meza ya Kumalizia

Mwenye duka la uchapaji wa kidijitali akipata fedha za kupanua kazi, mara nyingi huanza kwa kuulizia printa yenye kasi zaidi. Hoja ya sura hii ni kwamba katika maduka mengi fedha hizo zingefaa kwanza kwenda kwenye meza ya kumalizia, yaani pale karatasi zinapokatwa, zinapokunjwa, zinapopigwa pini na kuwa kijitabu. Zikishafika huko, mashine zichaguliwe kwa kipimo tofauti na kile kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye vipeperushi vya wauzaji. Vipeperushi hutaja vijitabu vingapi kwa saa. Kwa duka linalochapa nakala chache za kazi nyingi zisizofanana, kasi hiyo ndiyo takwimu ya mwisho kutazamwa. Kabla yake kuna muda unaotumika kuitayarisha mashine kwa kazi mpya, na kuna namna mashine inavyoichukulia karatasi iliyochapwa kwa tona.

Sababu yake iko katika historia ya ufundi wenyewe. Katika ofseti, kurasa huandaliwa kwenye sahani, sahani zinafungwa, wino unasawazishwa, na karatasi za majaribio zinatupwa hadi rangi itulie. Gharama hiyo ya kuanza haipungui mteja anapotaka nakala chache, ndiyo maana kazi ya ofseti hupendeza hesabu inapofika maelfu. Chini ya utaratibu huo, nusu saa ya kurekebisha mashine ya kukunja haikumsumbua mtu, kwa kuwa ikishawekwa sawa ilikunja kazi moja kutwa nzima. Mwaka 1990 Xerox ilileta DocuTech, iliyochapa kurasa 135 za rangi nyeusi kwa dakika moja kwa moja kutoka kwenye faili, na iliyokuja na sehemu yake ya kupiga pini. Mwaka 1993 zikafuata mashine za rangi za Indigo na Xeikon. Gharama ya kuanza kuchapa ikakaribia kwisha, na mteja akapata uwezo wa kuagiza vijitabu 40 bila kuonekana msumbufu. Kukata na kukunja, hata hivyo, hakukubadilika kwa kasi ile ile. Ugumu wa kazi ulihama kutoka kwenye mashine ya kuchapa ukahamia kwenye meza ya mwisho, lakini bajeti za maduka mengi bado hazijahama.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa: kijitabu cha A5 chenye kurasa 32, tuseme historia ya marehemu na utaratibu wa ibada ya mazishi, nakala 500. Kila kijitabu kinatumia karatasi 8 za A4 zilizochapwa pande zote mbili, yaani pande 16. Nakala 500 ni pande 8,000. Printa ya pande 60 kwa dakika itazimaliza kwa saa mbili na robo hivi. Sasa karatasi ziko mezani. Mtu mzoefu akipanga, akapiga pini mbili kwa stepla ya mkono mrefu, akakunja na kukandamiza mkunjo kwa dakika moja kila kijitabu, atahitaji zaidi ya saa 8, na bado hajakata kingo. Duka hilo likinunua printa ya pande 120 kwa dakika, litaokoa saa moja na dakika chache kwenye hatua ambayo haikuwa ikichelewesha kazi, na rundo litafika mezani mapema kusubiri kwa muda mrefu zaidi. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyeandika The Goal mwaka 1984, alijenga nadharia yake yote ya uzalishaji juu ya jambo hili: kiwanda hutoa bidhaa kwa mwendo wa hatua yake ya polepole kuliko zote, na saa inayookolewa kwenye hatua nyingine yoyote haiongezi kitu. Kazi ya mazishi inaonyesha ukweli huo kwa ukali, kwa sababu siku ya kuzika haisogezwi mbele ili kumsubiri mchapaji.

Ikishakubalika kwamba meza ndiyo inayochelewesha, swali linakuwa mashine ipi. Hapa ndipo kasi ya kwenye kipeperushi inapopotosha. Chukua mashine mbili za kufikirika. Ya kwanza inatoa vijitabu 3,000 kwa saa, lakini kuibadilisha kutoka kazi moja kwenda nyingine kunahitaji fundi na spana kwa dakika 40. Ya pili inatoa 800 tu kwa saa, ila unachagua ukubwa wa karatasi kwenye kioo chake na baada ya dakika 3 iko tayari. Kwa nakala 100, ya kwanza itachukua dakika 42 na ya pili dakika 10 na nusu. Hesabu ikiendelea, mashine ya polepole inabaki mbele hadi nakala zinapokaribia 670, na hapo tu ndipo ile ya kasi inapoanza kuipita. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza muuzaji lolote, mwenye duka afungue daftari la kazi za miezi mitatu iliyopita ahesabu: kazi ngapi zilikuwa chini ya nakala 100, ngapi chini ya 500, na kwa siku ukubwa wa karatasi ulibadilika mara ngapi. Daftari hilo ni ushahidi bora kuliko onyesho lolote la biashara. Duka linalobadilisha kazi mara 8 kwa siku lingepoteza saa 5 na dakika 20 kwa kuitayarisha tu ile mashine ya kwanza.

Pingamizi la kwanza ni zito na lisipuuzwe: katika miji yetu nguvu kazi ni nafuu, na malipo ya vibarua wawili ni madogo kuliko rejesho la mkopo wa mashine. Kwa kiasi fulani ni kweli. Tuseme rejesho ni shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi. Duka linalotoa vijitabu 300 kwa mwezi litakuwa limebebesha kila kijitabu shilingi 100, na hapo stepla ya mkono mrefu na mikono yenye uangalifu ndiyo mashine sahihi. Likitoa vijitabu 3,000, mzigo unashuka hadi shilingi 10. Lakini wanaotumia pingamizi hili kwa kawaida wanahesabu ujira peke yake, wakisahau gharama iliyo kubwa zaidi, ambayo ni ya kuharibika. Karatasi ikiharibika ndani ya printa, umepoteza karatasi moja. Kijitabu kikipigwa pini nje ya mkunjo au kikikatwa upande, umepoteza karatasi zote, tona yote, muda wote wa kuchapa na malipo ya aliyesanifu, kwa sababu vyote vimeshaingia ndani yake. Kosa la mezani ndilo ghali kuliko makosa yote ya dukani, na mikono ya mtu aliyekunja kuanzia asubuhi haikunji saa kumi jioni kama ilivyokunja saa tatu. Kibarua huyo akiondolewa kwenye kukunja, si lazima aondolewe kazini. Duka lolote lina uhaba wa watu wa kukagua kurasa kabla ya kuchapa.

Jambo la pili la kupima, yaani karatasi yenyewe, ndilo linaloleta malalamiko mengi ya wateja, nalo linastahili nafasi kubwa kuliko kasi. Wino wa ofseti hupenya kidogo ndani ya karatasi. Tona hukaa juu yake, ikiyeyushwa na kugandishwa kwa joto kama ngozi nyembamba ya plastiki. Jalada lililojaa rangi nzito likikunjwa bila maandalizi, ngozi hiyo hupasuka na mstari mweupe hutokea mgongoni mwa kijitabu. Mteja hulaumu printa, ilhali kosa ni la mkunjo. Dawa yake ni kupiga mfuo kwanza, yaani kukandamiza mstari wa mkunjo kwa chuma kabla ya kukunja, ili nyuzi za karatasi zijipange upya na zisikatike. Karatasi ya gramu 170 na kuendelea huhitaji mfuo karibu kila mara, na jalada lenye rangi nyeusi iliyokolea linaweza kuuhitaji hata chini ya hapo. Tuta dogo linalotokea upande mmoja wa mfuo liwe upande wa ndani wa mkunjo. Wengi hukunja kinyume, na wanaponunua mashine nzuri ya mfuo wanashangaa ufa bado unaonekana.

Mfuo pekee hautoshi iwapo nyuzi za karatasi zimelala vibaya. Karatasi inapotengenezwa, nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, ule mashine inakokimbilia. Mkunjo unaofuata nyuzi hukaa laini na kijitabu hulala wazi mezani. Mkunjo unaozikata hupinga, hupasuka na kujikunjua. Tatizo ni kwamba rimu nyingi za A4 madukani zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na kukunja A4 kupata A5 ni kuzikata nyuzi hizo kwa mkingamo. Maduka mengi yamefanya hivyo kwa miaka bila kujua kwa nini vijitabu vyao vinafunguka vyenyewe kama vinapiga miayo. Kuna njia ya kulikwepa: ukinunua karatasi za SRA3, zenye milimita 320 kwa 450, ambazo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kisha ukazikata katikati, unapata vipande vya milimita 320 kwa 225 ambavyo nyuzi zake zinakwenda kwa upana, na hivyo ndivyo kijitabu cha A5 kinavyotaka. Kujua nyuzi zimelala wapi hakuhitaji chombo. Kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja, nacho kitajiviringisha kama bomba linaloelekea upande wa nyuzi.

Kutokana na hayo, mpangilio wa manunuzi unajionyesha, nao hauanzi na mashine ya vijitabu. Unaanza na gilotini ya umeme, yenye upana wa kukata unaozidi milimita 450 ili ipokee SRA3 kwa urefu wake. Bila gilotini huwezi kukata karatasi kufuata nyuzi, huwezi kuchapa rangi hadi ukingoni, na huwezi kusawazisha kijitabu juu na chini, kwa kuwa visu vya mashine nyingi za vijitabu za daraja la kati hukata upande wa mbele tu. Gilotini pia hutumika katika kila kazi nyingine ya duka, kuanzia kadi za harusi hadi kalenda. Iwe na vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa mikono yote miwili na mwanga wa kinga unaosimamisha kisu mkono ukiingia. Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamdai mwajiri akinge sehemu hatari za mashine, na hata zisingekuwepo, vidole vya mfanyakazi havina kipuri. Nunua visu viwili tangu mwanzo, kimoja kikienda kunolewa kingine kifanye kazi, na kabla ya kulipa uliza ni nani mjini anayenoa visu vya urefu huo. Baada ya gilotini inakuja mashine ya mfuo, ambayo kwa duka dogo inaweza kuwa ya mkono. Mashine ya vijitabu inashika nafasi ya tatu.

Ikifika zamu yake, itazame mdomo wake kwanza, pale inapopokea karatasi. Mashine za bei nafuu huvuta karatasi kwa magurudumu ya mpira, ambayo yanatosha kwa karatasi ya kawaida ya gramu 80 lakini huweza kuchafua rangi nzito na kuvuta karatasi mbili kwa pamoja zikiwa za kung'aa. Zinazovuta kwa hewa hugharimu zaidi na hushika karatasi kwa upole. Tofauti hii inaonekana sana kwetu. Mombasa, Tanga au Zanzibar, rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, joto la printa huukausha bila usawa, na karatasi hutoka zimepinda na kukwama mdomoni mwa mashine inayofuata. Nairobi, katika miezi mikavu, ni umeme tuli unaozigandanisha. Kisha tazama pini. Mashine ndogo hutumia pini za kwenye kasha kama stepla ya ofisini. Kubwa zaidi hutumia vichwa vinavyokata waya kutoka kwenye gurudumu, kama vile vya Hohner wa Ujerumani, na gharama ya kila pini inashuka sana. Duka linalotoa makumi ya maelfu ya vijitabu kwa mwaka litaiona tofauti hiyo kwenye hesabu zake. Duka dogo halitaiona.

Unene nao una mipaka ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuibadilisha. Kijitabu cha pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, na mashine nyingi za daraja la kati huishia karibu na karatasi 20 au 25 za gramu 80. Karatasi hizo zikiingizwa moja ndani ya nyingine, za ndani husukumwa nje. Kila karatasi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo kwenye kijitabu cha karatasi 20 ile ya katikati hutokeza kwa takriban milimita 2, na kisu cha mbele kikipita, ukingo wake mweupe unakuwa mwembamba kwa kiasi hicho. Programu nzuri ya kupanga kurasa husogeza maandishi kidogo kidogo kuelekea mgongoni ili kufidia. Duka lisilo na programu hiyo litakata namba za kurasa za katikati hata likiwa na mashine bora kuliko zote za Horizon ya Kyoto, Duplo ya Japani au Morgana ya Uingereza.

Pingamizi jingine husema: kwa nini mashine ya pekee, wakati printa zenyewe huuzwa na sehemu ya kukunja na kupiga pini iliyoungwa ubavuni? Kwa kipimo changu mwenyewe cha muda wa kutayarisha, pingamizi hili lina nguvu, kwa sababu printa hujipangia kila kitu na muda huo unakaribia sifuri. Duka linalochapa mitihani ya shule na miongozo ya semina, maandishi meusi kwenye karatasi za gramu 80, likiwa na printa moja tu, litafanya vyema kuichukua. Udhaifu wake hujitokeza kazi inapotofautiana. Pini ikikwama, printa nayo inasimama, na mashine ya thamani kubwa inasubiri mashine ya thamani ndogo. Ikiwa printa ni ya kukodi, mkataba ukiisha meza yako ya kumalizia inaondoka nayo. Na sehemu hizo nyingi hazipigi mfuo, kwa hiyo jalada lenye rangi nzito litatoka na ule ufa mweupe ambao ndio tulianza kuukimbia.

Wapo pia wanaopendelea mashine kubwa za mtumba kutoka viwanda vya ofseti vya Ulaya, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Karibu zote zinaangukia upande wa ile mashine ya dakika 40: zinataka umeme wa fezi tatu, fundi wa kudumu, na vipuri ambavyo huenda havitengenezwi tena. Lakini gilotini ni ubaguzi wa kweli. Ni chuma kizito chenye sehemu chache, na iliyotunzwa hukata sawasawa kwa miongo mingi. Gilotini ya mtumba ambayo kinga zake bado zinafanya kazi ni ununuzi wa busara, na fedha inayobaki inaweza kununua mashine mpya ya mfuo.

Kuhusu vitabu vya gundi, ushauri wangu kwa duka dogo ni kungoja. Gundi ya kawaida ya moto, EVA, hushika kwa sekunde chache, lakini hushika vibaya kwenye karatasi za kung'aa na hulainika kitabu kikiachwa ndani ya gari juani. Ikipashwa na kupoa mara kwa mara, kama inavyotokea umeme unapokatika, huharibika ndani ya sufuria yake. Gundi ya PUR ni imara zaidi na hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa, jambo linaloonekana kama baraka kwa miji ya pwani. Unyevu huo huo, hata hivyo, huigandisha iliyobaki kwenye sufuria, nayo haiyeyuki tena, na mvuke wake unadai mfumo wa kuuvuta nje ya chumba. Duka lenye vitabu vinene 60 kwa wiki litatupa gundi nyingi kuliko litakayotumia. Kwenye mitaa ambako wachapaji wamejazana, kama Nasser Road ya Kampala au River Road ya Nairobi, kazi kama hii inaweza kupelekwa kwa jirani mwenye mashine. Itachelewa kidogo na faida itagawanywa. Lakini hesabu ya kazi zilizopelekwa nje kwa mwaka mzima ndiyo itakayosema ni lini mashine ya gundi itajilipa, na itasema kwa uhakika kuliko makadirio yoyote.

Siku ya kwenda kuiona mashine kwa muuzaji, usiende mikono mitupu, na usikubali onyesho kwa karatasi zake. Beba majalada 50 uliyoyachapa kwa printa yako, yenye rangi nyeusi iliyojaa mahali pa mkunjo, nusu yake nyuzi zikifuata mkunjo na nusu zikiukata. Beba karatasi za ndani zilizokaa wazi dukani kwako usiku kucha. Omba kijitabu cha A5, kisha A4, kisha A5 tena, na umwombe mfanyakazi wako ndiye abadilishe, wewe ukiwa umeshika saa. Mwache akwamishe karatasi kwa makusudi na aitoe bila msaada. Chukua kijitabu cha 20, si cha kwanza, pima pini ziko umbali gani kutoka kwenye mkunjo, ufungue jalada na kulifunga mara kumi, kisha ulitazame mgongoni penye mwanga. Kabla ya kuondoka, uliza kipuri kinachochakaa upesi kuliko vyote ni kipi, bei yake ni kiasi gani, na kama kiko ghalani leo.